Kwa Kila Kilo Kumi

Garissa mjini,
Ijumaa, baada ya swala.

Kwa ndugu yangu Korane,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo wewe, na duka halijambo? Goti je, lile uliloliumiza ulipoanguka na pikipiki, limeacha kukusumbua? Hooyo huniambia kila nikimpigia kwamba unatembea vizuri, lakini mama yetu hata ungekuwa unatambaa angesema unakimbia, kwa hiyo nataka jibu kutoka kinywani mwako. Mvua imefika Elwak au mnaisikia tu ikisemwa redioni? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Joto la Garissa unalijua. Watoto hawajambo, na mume wangu Ayanle anakusalimu sana. Anasema yule mbuzi uliyemwahidi tangu Idi iliyopita bado anamngojea, na ameshamchagulia mahali pa kumfunga.

Utauliza kwa nini naandika barua wakati simu ninayo. Naandika kwa sababu wewe kwenye simu hukati maneno tu, unakata na simu yenyewe, halafu unasingizia mtandao. Nina jambo refu na nataka ulimeze lote. Nakuandikia Kiswahili maana ndicho tulichofundishwa kukiandika shuleni. Kisomali changu ni cha mdomoni, nikikitia kwenye karatasi utanicheka. Barua nampa Mustaf, dereva wa lori la unga, akukabidhi mkononi. Nimeibandika gundi pande zote, kwa hiyo ukiikuta imefunguka, muulize yeye. Isome peke yako, na usimpe mtu akusomee.

Habari yenyewe ni ya Lul, mchumba wako. Ni mzima, usishtuke. Lakini mwisho wa barua hii nitakuomba neno moja, na kwa neno hilo Lul atapata au atakosa kitu ambacho hakitarudi tena. Ningeweza kukitaja sasa hivi. Sitaki, kwa kuwa nakujua: utakasirika kwanza, utaelewa baadaye, na hapo katikati utakuwa umeshampigia Hooyo. Twende taratibu.

Unakumbuka uliponipigia baada ya mbuzi wa mzee Abdijabar kufa. Ulisema Rage, kijana wako wa dukani, amewanywesha dawa ya minyoo kupita kiasi, mzee amelia sokoni mbele ya watu, na jina la duka limechafuka. Ukasema umechoka na wafanyakazi, unataka dawa zipimwe na mtu wa nyumbani. Ndipo ukaniomba, kwa kuwa Lul anakaa hapa Garissa kwa mama yake mdogo Nafiso, na nyumba yao na yangu zinatazamana, nimfundishe hesabu za vipimo kabla ya harusi: kilo na gramu, lita na mililita, dawa kiasi gani kwa mnyama wa uzito gani. Ulisema nimfundishe kidogo tu. Mimi nimekuwa mwalimu wa hesabu miaka yote hii, na sijaona bado mtu aliyejua hesabu kidogo tu ikamfaa. Lakini nilikubali, maana ni wewe umeomba, na pia nilitaka kumjua huyu msichana anayekuja kuwa wetu.

Alikuja siku ya kwanza baada ya alasiri, daftari jipya kifuani, akaketi ukingoni mwa kiti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, kwa adabu kabisa, nisijisumbue sana. Alisema shule yao kule Kutulo ilibaki bila mwalimu wa hesabu tangu kidato cha pili, walimu wa bara walipoondoka, na kwenye mtihani wa mwisho alipata D. Akasema kichwa chake hakina mahali pa namba. Nilimwambia kichwa kisicho na mahali pa namba sijakiona, na nimeviona vichwa vingi, kikiwemo cha kaka mmoja ninayemfahamu. Akacheka, akasogea akakaa vizuri. Tangu hapo tukawa marafiki.

Tatizo lake tuliliona mapema. Kila alipotakiwa kubadilisha kipimo, hakujua azidishe au agawanye, basi alikuwa anabahatisha. Kilomita kwa saa kwenda mita kwa sekunde ilikuwa balaa. Gari la kilomita arobaini na tano kwa saa, yeye alilipa mita laki moja na zaidi kwa sekunde moja. Nikamwambia gari hilo limeshapita mwezini, tulirudishe. Alicheka, lakini niliona machozi yanamlengalenga.

Nikaacha kitabu. Nikamuuliza mama yake huko Kutulo anauza nini. Maziwa ya ngamia, akasema. Basi nikamuuliza mtungi wa lita ishirini, ukiyauza kwa kopo la nusu lita, unatoa makopo mangapi. Arobaini, alijibu kabla sijafunga mdomo. Nikamuuliza kwa nini namba imekua kutoka ishirini hadi arobaini na maziwa ni yale yale. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. Kwa sababu kopo ni dogo, akasema, utachota mara nyingi. Nikamwambia basi umemaliza, hakuna lingine. Mita ni kopo dogo, kilomita ni mtungi. Saa ni mtungi, sekunde ni kopo. Kabla hujagusa kalamu, jiulize kwanza namba inatakiwa ikue au ipungue. Siku ile ile alilirudisha lile gari duniani: mita kumi na mbili na nusu kwa sekunde. Alilipigia mstari mara mbili.

Ungedhani tumepita. Bado. Wiki iliyofuata nikampa maswali ya kawaida kabisa, na akayakosa kwa namna iliyonitia hasira. La kwanza lilikuwa hili: lori linakwenda kilomita mia tatu na sitini kwa mwendo wa kilomita arobaini na tano kwa saa, litachukua saa ngapi? Ni saa nane. Lul aliandika kumi na nne. La pili: chupa ya lita moja ya dawa, kila mbuzi anapewa mililita sita, chupa itatosha mbuzi wangapi? Ni mia moja sitini na sita, na dawa kidogo inabaki. Yeye akaandika "kama mia na arobaini hivi." Kama! Hivi! Korane, mimi unanijua, sivumilii "kama" kwenye hesabu. Nilipiga meza hadi chai ikamwagika. Nikamuuliza ni nani amemfundisha kukadiria. Akainamisha kichwa, na nilimwacha aende nyumbani hivyo hivyo.

Kesho yake alirudi. Aliniletea ile karatasi aliyokokotolea, akaiweka mbele yangu. Wallahi nilishangaa. Majibu sahihi yote yalikuwemo mle. Saa nane ilikuwemo, mia sitini na sita ilikuwemo, nzima nzima. Kisha chini ya jibu la lori alikuwa ameongeza: swala ya adhuhuri, swala ya alasiri, chai, vizuizi vya polisi, na pale penye mchanga ambapo malori hulala. Jumla saa kumi na nne. Akaniambia kwamba mjomba wake ni utingo, na tangu azaliwe hajaona lori lililofika kwa saa nane. Aliona swali limeachwa nusu, naye akalimalizia.

Na mbuzi? Hapo alisita. Akaniambia kwamba nyumbani kwao mtu hataji idadi kamili ya mifugo, yake wala ya mwenzake, kwa kuogopa jicho la hasidi. Ukiulizwa una mbuzi wangapi unasema wapo, alhamdulillahi, au unapunguza. Aliona ni utovu wa adabu kuandika mia moja sitini na sita kwenye karatasi itakayosomwa na mtu mwingine. Tena, akasema, mbuzi hutema dawa.

Nilicheka hadi Ayanle akaja kuuliza kuna nini. Sisi tumelelewa vivyo hivyo, mimi na wewe. Aabo, baba yetu, hakuwahi kututajia ngamia wake ni wangapi mpaka anafariki. Na mimi mwalimu mzima nilikuwa nimesahau. Nikamwambia Lul lori la mtihani halisali, halinywi chai, halisimamishwi na askari, wala halijui mchanga. Linatoka nchi ambayo mimi na yeye hatutafika. Lipe saa nane zake liende zake. Na mbuzi wa mtihani hawana mwenyewe, hakuna jicho litakalowapata. Sema mashallah moyoni, uandike namba kamili. Na kama ukitaka kuongeza ya kwako, ongeza baada ya kujibu swali. Tangu siku hiyo sikuwahi kuona "kama" tena.

Alipoanza kuelewa, ndipo mama mdogo Nafiso alipoanza kunilaumu. Alikuja mlangoni kwangu akasema, "Sharifo, hii msichana umeharibu. Sasa anahesabu mpaka maji ya watu." Kumbe Lul alikuwa amekwenda kuchota maji, akakuta foleni ndefu kwenye kibanda, watu wamechoka na jua. Akapima kwa simu yake mtungi mmoja unajaa kwa muda gani: sekunde arobaini. Akachungulia mstari wa maji kwenye tangi. Akawaambia wanawake walio mwisho wa foleni kwamba maji yataisha baada ya nusu saa na hayatawafikia, waende kibanda kingine wasiungue bure. Mwenye kibanda alimtukana. Baada ya nusu saa maji yakakatika, na mitungi kadhaa ilikuwa bado imepangwa. Mama mdogo aliona aibu, msichana wa watu kubishana na mwanamume hadharani huku anangojea harusi. Mimi nilimmiminia chai, nikamwambia pole. Lakini rohoni, Korane, nilifurahi sana. Katika miaka yangu ya kufundisha nimewapa alama wasichana wengi; wachache mno nimewaona wakitoka na hesabu mlangoni na kuifanyia kazi.

Sasa nafika mahali pagumu, na naomba usiitupe barua.

Siku moja Lul aliniomba tufanye hesabu ya mbuzi wa mzee Abdijabar. Alisema kama anakuja kupima dawa kwenye duka lile lile, anataka kujua kosa lilikuwa wapi. Ndiyo maana nilikuomba picha ya chupa, nawe ukanitumia. Kwenye karatasi ya chupa imeandikwa mililita moja kwa kila kilo kumi. Na wewe mwenyewe ulishaniambia kwenye simu kwamba wakubwa walinyweshwa mililita thelathini na wadogo ishirini. Lul akaandika, akakata vipimo vya juu na vya chini kama nilivyomfundisha: mbuzi wa kilo thelathini apewe mililita tatu. Yule wa ishirini, mbili. Walipewa mara kumi. Akasema aliyepima alichukua kilo akazifanya mililita moja kwa moja. Ile "kwa kila kilo kumi" aliiruka, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha maana yake. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema mtu huyu si mjinga hata kidogo, kwa kuwa uzito wa mbuzi wale ameupatia kwa macho tu, wakubwa kwa wadogo, na jicho kama hilo halinunuliwi.

Tulitazamana. Rage amezaliwa Eastleigh, mtoto wa mjini. Rage ukimwonyesha beberu na kondoo atakuomba muda afikirie. Lul alifunga daftari polepole, akaniomba chai, na hajalitaja jambo hilo tena.

Mimi nilikuwa nalijua kabla yake. Siku mbuzi waliponyweshwa dawa wakafa, Rage alikuwa Bura kwenye harusi ya dada yake. Nami nilikuwepo, nimealikwa upande wa Ayanle, na nilimwona kwa macho yangu akigawa wali. Uliponiambia kwenye simu kwamba ni yeye, nilinyamaza. Sikunyamaza kwa kukuogopa. Nilisikia sauti yako, nikajua umeumia kuliko mzee Abdijabar. Kwa Rage unajua la kufanya, naye anakaa mtaa wa pili tu kutoka kwako, hilo sitakufundisha. Lakini ujue kwamba najua, na kwamba sijakudharau. Nilipokuwa mimi naketi darasani, wewe ulitolewa darasa la sita ukafuate ngamia, kwa kuwa ukame ulimaliza wachungaji na mmoja wetu ilibidi aende. Ulikwenda wewe. Mimi sikuzaliwa na akili kukushinda. Mimi nilipewa miaka, wewe ulinyimwa.

Nikaanza kufikiri. Pale shuleni kwetu palikuwa pamebandikwa tangazo la chuo kimoja cha mifugo hapa hapa Garissa, kozi ya afya ya mifugo, miaka miwili. Walikuwa tayari kuchukua hata waliopata alama ndogo ya hesabu, mradi wapite mtihani wao wa kuingilia. Nilimwambia Lul aende akajaribu, ajipime tu. Alikataa. Nikamwambia mwalimu wake nimeamuru. Akaenda.

Siku ya mtihani sikuweza kula. Mimi, ninayewasimamia watahiniwa kila mwaka bila kupepesa, nilizunguka uani nikipanga sufuria ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alirudi uso umetulia. Akasema kulikuwa na lori, akalipa saa zake bila hata maji ya kunywa. Kulikuwa na ndama na sindano, akagawanya. Kulikuwa na pampu ya kisima, akapiga hesabu mara mbili. Akafaulu, Korane. Alipata arobaini na moja kati ya hamsini. Tisa alizikosa kwenye mita za mraba na hekta, na mpaka leo nina hasira nazo, kwa sababu hekta nilimfundisha na aliniambia ameelewa.

Ujumbe wa chuo uliingia kwenye simu yake akiwa hapa kwangu. Alinipa nisome kwanza, yeye hakuweza. Sijawahi kumwona mtu akifurahi kimya kimya namna ile. Alikaa chini pale pale sakafuni, mikono usoni. Watoto wakadhani kuna msiba.

Siku iliyofuata alikuja akasema haendi.

Nilimuuliza sababu, akazungukazunguka, mara harusi, mara mama mdogo, mara watu watasema. Nikambana kama ninavyobana mwanafunzi aliyeandika jibu bila njia. Mwishowe akasema. Alisema wewe unahitaji mtu wa kupima dawa sasa, si baada ya miaka miwili. Alisema Rage ameshaondoka dukani, na mbuzi wa watu wakifa tena hakuna wa kulaumiwa isipokuwa wewe, na yeye hawezi kukaa darasani akijua jambo hilo. Alisema ametoa ahadi ya kuja Elwak na atakuja. Kisha akaniomba nisikuambie kwamba amefaulu, maana ukijua utaona kama amekuachia deni. Sikuapa. Niliitikia kwa kichwa, na kichwa changu wewe unakijua, huitikia mambo mengi.

Basi hili ndilo ninalokiri kwako, na yeye halijui. Chuo kilitaka jibu kabla ya Jumatano. Lul aliniachia niwaandikie kwamba anashukuru lakini hatakuja, kwa sababu aliona haya kuandika mwenyewe. Niliwaandikia. Niliwaandikia kwamba anashukuru na atakuja. Nafasi yake ipo, jina lake lipo, na masomo yanaanza baada tu ya harusi yenu. Nimemzunguka msichana aliyeniamini, nami sijutii, ila inaniuma kila akinimiminia chai.

Sasa neno ninalokuomba. Harusi iko pale pale, baada ya Idi, hakuna anayeigusa. Siku ya nikaha sheikh atatuma mtu kwa Lul aulizwe mahari yake mwenyewe, ile anayoitaja kwa kinywa chake. Namjua, atataja msahafu na ngamia wachache, na sauti yake haitasikika hata chumba cha pili. Nataka wewe umpigie simu kabla. Mwambie unataka miaka miwili ya masomo iwe ndani ya mahari yake, aitaje mbele ya mashahidi, na kwamba hutamhamishia Elwak mpaka aimalize. Atakaa hapa karibu yangu, nawe utakuja na kurudi kama wanaume wengine wa malori na mifugo wanavyofanya, hutakuwa wa kwanza. Usimwambie ni mimi. Mwambie ulisikia amefaulu, kwa watu. Garissa haikosi watu.

Atakuuliza nani atapima dawa. Hapo ndipo utahitaji ujasiri, na ndipo ninapokuamini. Mwambie utapima wewe. Mwambie ukweli wa mbuzi wale, ingawa anaujua. Kuujua ni kitu kimoja, kuambiwa na mumewe ni kitu kingine. Nami shule zikifungwa mwezi ujao nakuja Elwak, si kutembea, nakuja kazini. Utaketi mbele yangu baada ya alasiri, mlango wa duka umefungwa, na hakuna atakayejua kama hutaki ajulishwe. Una jicho tayari, sehemu ngumu unayo. Iliyobaki ni ile "kwa kila," na hiyo huwa naifundisha kwa siku mbili. Wewe nitakupa tatu, kwa sababu unabisha.

Usinijibu kwa hasira. Nimekupenda tangu ulipokuwa unalala na fimbo ya ngamia pembeni, na ninajivunia duka lako hata lilivyo. Lakini nisikilize dada yako: mke aliyefundishwa na mimi jioni jioni atakupimia dawa vizuri. Mke aliyetoka chuoni atawatibu mifugo wa mzee Abdijabar wenyewe, na watu wa Kutulo na wa Elwak watavuka mji kumfuata.

Msalimie Hooyo sana, mwambie viatu vyake vya daktari nimevipata na Mustaf anavyo. Salamu kwa majirani wote, na kwa mzee Abdijabar kipekee. Ayanle na watoto wanakuombea heri.

Lul naye ameingia sasa hivi akanikuta naandika, nami nimemwambia ni mambo ya nguo za harusi. Anakusalimu. Amesema nikuandikie hivi: "Mwambie Korane niko tayari kuja Elwak siku yoyote atakayosema." Hayo ni maneno yake, na salamu ni amana, nimezifikisha kama zilivyo.

Usiyakubali.

Dada yako akupendaye,
Sharifo